Habari za Bwana Riccardo Giacconi, na Chombo Kilichoitwa Uhuru

Neno uhuru twalijua sote. Twaliimba mashuleni, twaliona limeandikwa katika majina ya barabara na viwanja, na kila mwaka ifikapo tarehe 12 Desemba watu wa Kenya husimama chini ya bendera yao kulikumbuka. Lakini tulipowauliza watoto wa darasa letu la juu ni nani ajuaye kwamba neno hili la Kiswahili limeandikwa pia katika vitabu vya elimu ya nyota ulimwenguni kote, hakuna hata mmoja aliyeinua mkono. Wala hatuwalaumu, kwa maana sisi wenyewe tulilijua jambo hili tulipokwisha kuwa watu wazima. Basi tumeona vema kuandika habari za mtu aliyeianzisha kazi hiyo, na jinsi neno letu lilivyopanda mbinguni pamoja na chombo chake.

Tena iko sababu ya pili. Mzazi mmoja, alipoona mwanawe akichora nyota katika daftari, alituuliza, "Mwalimu, nyota hizi zitamlisha nini mtoto wangu?" Hakuuliza kwa dharau. Aliuliza kama mtu alipaye karo kwa jasho, na swali lake ni la haki. Siku ile hatukuwa na jibu la kumtosheleza. Tutajaribu kumjibu mwishoni mwa habari hii.

Riccardo Giacconi alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1931 katika mji wa Genoa, bandari ya Italia, akakulia katika mji wa Milan. Mama yake alikuwa mwalimu, akifundisha hisabati na fizikia katika shule ya juu. Vita kuu ya pili ilimkuta angali mtoto. Ilipokwisha, nchi yake ilikuwa maskini na miji yake imebomolewa. Walakini kijana huyu alishika masomo, na mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Milan kikampa shahada ya udaktari. Kazi aliyopewa ilikuwa kuchunguza chembe ndogo sana zishukazo kutoka anga za mbali na kuipiga dunia yetu usiku na mchana. Ili azipate alipeleka chombo chake juu ya milima ya Alps, penye theluji, akangoja. Muda wa miaka miwili akangoja, na matukio aliyoyapata hayakutimia hata mia moja. Hiyo ndiyo shule yake ya kwanza ya subira.

Mwaka 1956 alivuka bahari kwenda Marekani, akafanya kazi kwanza katika Chuo Kikuu cha Indiana, kisha Princeton. Mwaka 1959, akiwa na umri wa karibu miaka 28, aliajiriwa na kampuni ndogo katika mji wa Cambridge, jimbo la Massachusetts. Huko alikutana na Bwana Bruno Rossi, Mwitaliano mwenzake, mtaalamu mwenye sifa, aliyefukuzwa kazi nchini kwao mwaka 1938 kwa kuwa alikuwa Myahudi. Bwana Rossi ndiye aliyemwambia: yafaa mtu atazame mbingu kwa eksirei, aone kuna nini.

Kabla ya kuendelea, hatuna budi kueleza maana ya maneno hayo. Wengi wetu tumepata kuona picha ya eksirei hospitalini: mtu ameanguka mwembeni, mkono umevunjika, akapigwa picha, na mifupa ikaonekana kana kwamba nyama haipo. Mionzi hiyo iligunduliwa na Mjerumani Wilhelm Röntgen mwaka 1895. Nayo ni jamaa moja na nuru, ila jicho haliwezi kuiona. Kitu chenye joto kama uso wa jua hutoa zaidi nuru tuionayo. Lakini kitu chenye joto la digrii milioni nyingi hutoa zaidi eksirei. Kwa hiyo mtu azitazamaye mbingu kwa nuru peke yake ni kama mtu aliyekwenda ngomani akasikia msondo tu, marimba na zeze zisimfikie.

Mbona basi watazama nyota wa zamani hawakuiona mionzi hiyo hata kwa darubini? Kwa sababu hewa huizuia isifike chini. Na hilo ni jema kwetu, maana mionzi hiyo ikizidi hudhuru viumbe hai. Muumba ametuwekea hewa iwe kama paa la nyumba. Lakini akaaye chini ya paa haoni kilicho juu yake. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Naye atakaye kilicho juu ya paa hana budi kupanda.

Mwaka 1949 wataalamu wa Marekani walikuwa wamekwisha kupeleka roketi juu ya hewa, wakapima eksirei za jua. Lakini jua li karibu. Walipopiga hesabu, walikuta kwamba nyota nyingine iliyo kama jua, kwa umbali wake, eksirei zake zingekuwa hafifu mno, hata vyombo vya siku zile visingeweza kuzipima. Wengi wakaona ni kazi bure. Bwana Giacconi hakuona hivyo. Mwaka 1960 yeye na Bwana Rossi waliandika jinsi ya kutengeneza darubini ya eksirei, jambo lililokuwa gumu, kwa kuwa eksirei zikikipiga kioo cha kawaida hupenya ndani yake au humezwa, wala hazirudi. Lakini kila mtoto aliyecheza kando ya ziwa aijua njia: ukilidondosha jiwe bapa wima juu ya maji litazama, bali ukilirusha kwa kulilaza litagusa maji na kuruka tena. Ndivyo zilivyo eksirei. Zikija kwa kulala juu ya kioo laini, hurukia mbele. Kwa hiyo vioo vya darubini hiyo havikufanywa kama sahani, bali kama mapipa yasiyo na vitako, moja ndani ya jingine.

Darubini hiyo haikuwa tayari upesi. Walianza na vipimo vidogo tu, vikatiwa katika roketi ndogo, katika jangwa la New Mexico. Mwezi wa Oktoba 1961 roketi ilipanda vizuri, lakini milango ya chombo haikufunguka. Kazi ya miezi mingi ikawa kama mtu aliyesafiri mpaka sokoni, akafika, asiweze kufungua mfuko wake. Wakatengeneza upya. Usiku wa tarehe 18 Juni 1962, karibu na saa sita ya usiku, roketi ikapanda tena. Safari hii milango ilifunguka. Muda wa kutazama juu ya hewa haukutimia dakika 6, kisha chombo kikaanza kushuka.

Walikuwa wametumaini kuona eksirei zitokazo mwezini. Walichokiona kilikuwa kingine kabisa. Upande wa nyota za Nge palionekana chimbuko lenye nguvu kupita walivyodhani, wala halikuwa mwezi. Tena mbingu yote ilionekana kutoa eksirei kidogo kidogo kila upande. Bwana Giacconi na wenzake, Herbert Gursky, Frank Paolini na Bruno Rossi, walizikagua hesabu mara nyingi kabla ya kutangaza, wakihofu wamekosea. Hawakukosea. Chimbuko lile likaitwa Scorpius X-1, na katika dakika zile chache elimu mpya ikazaliwa.

Roketi ndogo hupanda na kushuka, kama mtu arukaye ili achungulie juu ya ua. Aliyetaka kuona vema alihitaji kukaa juu. Kwa hiyo mwaka 1963 Bwana Giacconi na Bwana Gursky waliandika mpango wa miaka mingi: kwanza setilaiti ya kuizunguka dunia na kuzihesabu chimbuko za eksirei, na mwisho darubini kubwa yenye kioo cha upana wa meta 1.2. Wasomaji waukumbuke mpango huo, maana tutaurudia.

Sasa twafika pwani yetu. Ilipokuwa tayari ile setilaiti ya kwanza, ilifaa irushwe kutoka mahali palipo karibu na mstari wa ikweta. Sababu ni mbili. Dunia ijizungushapo huenda mbio zaidi katikati yake kuliko kwenye ncha zake, nayo humsaidia arushaye, kama teo lisaidiavyo jiwe. Tena chombo kizungukacho juu ya ikweta huepukana zaidi na mikanda ya mionzi iizungukayo dunia, ambayo ingevivuruga vipimo vyake. Basi Waitaliano, wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, walikuwa wamekwisha kusimamisha jukwaa baharini katika Ghuba ya Ngwana, kaskazini ya Malindi, juu ya miguu ya chuma. Jina lake San Marco. Tangu mwaka 1967 walirusha setilaiti kutoka hapo.

Tarehe 12 Desemba 1970, mchana, roketi iitwayo Scout ilipaa kutoka jukwaa lile. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikisherehekea mwaka wa saba wa uhuru wake. Aliyeisimamia setilaiti hiyo kwa niaba ya NASA, shirika la anga la Marekani, alikuwa mhandisi mwanamke, Bibi Marjorie Townsend. Yeye, kwa kuikumbuka siku hiyo na ukarimu wa wenyeji, akaiita Uhuru. Wataalamu wa Ulaya, Amerika na Asia wakalazimika kujifunza kulitamka.

Uhuru haikuwa kubwa. Uzito wake ulikuwa kama kilo 140, sawasawa na magunia mawili hivi ya nafaka. Haikuwa na kioo, ila vipimo viwili vilivyotazama pande mbili. Ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12, ikiifagia mbingu kama mtu apitishaye taa ukutani akitafuta nge. Dunia iliizunguka kwa muda wa dakika kama 96. Ikafanya kazi hiyo mpaka mwezi wa Machi 1973, na matokeo yake yakawa orodha ya chimbuko 339 za eksirei.

Lakini hesabu si jambo kubwa zaidi. Katika kundi la nyota liitwalo Centaurus, Uhuru iliona chimbuko lililopiga kama moyo, pigo moja kwa kila sekunde 4.8, tena kila baada ya siku mbili na kidogo lilififia na kurudi. Wakafahamu kwamba pale pana nyota mbili zizungukanazo, moja ikiificha nyingine. Moja ni kubwa. Nyingine ni ndogo mno, upana wake hauzidi mji mkubwa na vitongoji vyake, lakini uzito wake wapita uzito wa jua. Hiyo ndogo huivuta hewa ya mwenzake, na hewa hiyo ikianguka kwa kasi kubwa hupata joto la mamilioni ya digrii na kutoa eksirei. Na katika kundi liitwalo Cygnus, Uhuru iliwasaidia wataalamu kukitambua kitu kisichoonekana kabisa, kizito mara nyingi kuliko jua, ambacho hata nuru haitoki ndani yake. Vitu vya namna hiyo huitwa mashimo meusi. Kabla ya hapo vilikuwa hesabu katika karatasi tu.

Mwaka 1973 Bwana Giacconi alihamia Harvard, na tarehe 13 Novemba 1978 darubini ya kweli ya eksirei, yenye vioo kama mapipa tulivyoeleza, ikapelekwa juu. Iliitwa Einstein, ikaleta picha ambazo Uhuru haikuweza kuzileta.

Mwaka 1981 akapewa kazi nyingine. Marekani na Ulaya walikuwa wakitengeneza darubini kubwa ya nuru ya kukaa juu ya hewa, iitwayo Hubble, na huko Baltimore iliundwa taasisi ya kuiendesha. Bwana Giacconi akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Yeye hakutaka taasisi iwe karani wa kugawa zamu tu. Alishikilia kwamba kila kipimo kisahihishwe kwa utaratibu mmoja, kiwekwe katika ghala, na baada ya muda uliowekwa ghala lifunguliwe kwa mtaalamu yeyote atakaye kulisoma. Twaliona jambo hili kuwa kubwa kuliko linavyosikika, kwa maana mara nyingi wenye elimu huificha kama mganga afichavyo dawa yake.

Hubble ilipelekwa juu tarehe 24 Aprili 1990. Baada ya wiki chache ikajulikana ya kuwa kioo chake, chenye upana wa meta 2.4, kilisuguliwa vibaya. Kosa lilikuwa dogo sana: ukingo ulipungua kwa kama sehemu 2 katika elfu za milimita. Lakini kwa kosa hilo picha zikawa na ukungu, na magazeti yakacheka. Hapo palikuwa na njia mbili, kuficha au kukiri. Wakakiri. Kisha taasisi ya Bwana Giacconi ikakusanya wataalamu watafute dawa, wakaona ya kuwa, kwa kuwa kosa lilipimika barabara, laweza kusahihishwa kwa vioo vidogo vilivyopindwa kinyume chake, kama miwani machoni pa mzee. Mwezi wa Desemba 1993 warukaji wa anga wakaenda, wakatoka nje ya chombo chao mara tano, wakaitibu darubini ile. Ikaona vizuri, ikaendelea kufanya kazi kwa zaidi ya miaka 30 tangu ilipopelekwa juu.

Siku hiyo ya furaha Bwana Giacconi hakuwa tena mkurugenzi. Mapema mwaka ule alikwenda Ulaya kuliongoza shirika lililokuwa likijenga darubini nne kubwa, kila moja na kioo cha meta 8.2, juu ya mlima Paranal nchini Chile. Akakaa huko mpaka 1999. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya apandaye na atiaye maji. Nasi twaona neno lile katika maisha ya mtu huyu.

Na ule mpango wa mwaka 1963? Tarehe 23 Julai 1999 darubini ya eksirei iitwayo Chandra ilipelekwa juu, na upana wa kioo chake kikubwa ni meta 1.2. Kati ya karatasi na chombo ilipita miaka 36. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa karatasi alikuwa mtu mzima mwenye watoto wake. Mwaka 2002 Bwana Giacconi alipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia. Nusu nyingine waligawana Raymond Davis wa Marekani na Masatoshi Koshiba wa Japani. Alifariki tarehe 9 Desemba 2018 huko California, mwenye umri wa miaka 87, siku tatu kabla ya kutimia miaka 48 tangu Uhuru ilipopaa.

Sasa tumrudie yule mzazi na swali lake. Tukimwambia kwamba nyota hujaza kibaba, tutakuwa tumesema uongo. Lakini tungemkumbusha mambo mawili. Röntgen alipoigundua eksirei hakuwa akitafuta dawa ya mkono uliovunjika. Alikuwa akichunguza kitu asichokifahamu, wala hakudai kuwa peke yake mwenye haki ya kukiuza. Na ile kampuni ndogo ya Cambridge, iliyoanza kwa kutafuta eksirei za mbinguni, baadaye ilitengeneza mashine za eksirei za kukagulia mizigo ya wasafiri. Mtu hutafuta nyota, na njiani huokota chombo cha nyumbani.

Jambo la pili latuuma kidogo, nasi hatutalificha. Pwani yetu ilitoa bahari, ikatoa na jina. Lakini walioiongoza kazi ya Uhuru na kuzisoma hesabu zake walitoka Italia na Marekani. Kwa miaka mingi tulikuwa kama mwenye nyumba aliyeazima ua wake kwa arusi, asiketi katika karamu. Lakini mambo yameanza kugeuka. Mwezi wa Mei 2018, mwaka ule ule aliofariki Bwana Giacconi, setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, yenye sentimita 10 kila upande, iliachiliwa angani. Iliundwa kwa msaada wa Chuo Kikuu cha Roma, kile kile kilichosimamisha jukwaa la Ngwana. Na tarehe 15 Aprili 2023 Kenya ilipeleka juu setilaiti yake iitwayo Taifa-1, ya kuitazama nchi, mashamba yake na mazingira yake. Basi, ndugu mzazi, mtoto anayechora nyota leo huenda ndiye atakayekuambia kesho shamba lako lina kiu wapi.

Elimu hii haituondolei Muumba wetu. Mtunga zaburi alizitazama mbingu kwa macho matupu akastaajabu. Sisi tumeonyeshwa zaidi, basi mshangao wetu usiwe mdogo kuliko wake.

Mwezi wa Juni, jua likiisha kutua na anga ikiwa safi, watoeni watoto nje. Waonyesheni nyota za Nge, mkia wake uliopindika na ile nyota nyekundu kifuani pake. Kisha waambieni kwamba upande ule kuna kitu ambacho macho yao hayakioni, kilichoonekana mara ya kwanza usiku wa Juni mwaka 1962. Na kwamba chombo cha kwanza kilichotumwa kukaa juu na kutafuta vingine kama hicho kiliondoka pwani ya Afrika Mashariki, kikichukua jina la lugha yao.